Mwenye Kiti

Mguu wa kiti cha barazani ulikatika siku ya Jumanne, na kwa kuwa katika mji wetu Jumanne huweza kudumu hata wiki mbili ikiwa kuna jambo zito, watu walipata muda wa kutosha kwenda kuutazama. Mchwa walikuwa wameula kwa ndani. Kwa nje ulikuwa bado unang'aa.

Hicho ndicho kiti alichokalia kila mtu aliyekwenda kueleza shida yake mbele ya baraza. Kilikuwa kirefu, kimefungwa sakafuni kwa parafujo nne katikati ya ukumbi, na meza ya wajumbe ilikuwa mbali nacho kiasi kwamba ukizungumza kwa sauti ya kawaida hawakusikii, na ukipaza sauti wanaandika kwamba una hasira. Mimi, Mwanamvua, niliyetengeneza viti kwa miaka ishirini na sita, ndiye niliyeitwa kutengeneza kingine.

Nilichora siku ile ile. Nilichora haraka kwa kuwa nilijiamini, na nilijiamini kwa kuwa nilikuwa sijaulizwa. Miguu niliichukua kwa mafundi wa kaskazini ya mji, waliokuwa wanasifiwa mwaka ule. Egemeo nililiiga kwenye jarida. Mikono ya kiti niliipinda kwa mtindo wa mwalimu wangu wa zamani. Nilipomaliza nikautundika mchoro ukutani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaona unapendeza. Kesho yake, ambayo ilikuwa bado Jumanne, nikaupeleka kwa Mpimaji Mkuu.

Mpimaji Mkuu ndiye anayekubali au kukataa kila kitu kinachotengenezwa kwa ajili ya baraza. Ni mtu ambaye ukitoka mbele yake hukumbuki sura yake. Unakumbuka sauti tu. Aliuweka mchoro mezani, akaweka kidole juu yake.

"Mguu huu kwa nini umechongoka hivi?"

"Unapendeza, Bwana Mpimaji."

"Na egemeo?"

"Ndivyo wanavyotengeneza siku hizi."

"Kina nani?"

Nikawataja watatu. Aliwajua wote. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari za ndugu zake.

"Na wewe je?"

Nikafungua kinywa nijibu, nikakuta hakuna kitu. Naomba nieleweke. Nilikuwa nayo maneno mengi kuhusu mbao, kuhusu viungo, kuhusu msasa upi unafuata upi. Lakini aliloniuliza lilikuwa chini ya hayo yote, mahali ambapo sikuwahi kushuka. Nilikuwa nimefanya kazi miaka ishirini na sita kwa mikono ya watu wengine iliyofungwa mwisho wa mikono yangu.

"Fundi Mwanamvua," alisema, "sheria unaijua. Mwenye kanuni yake hufuata kanuni yake. Asiyekuwa nayo hufuata Kitabu. Baraza linakaa siku ya nane kuanzia leo. Ukija na kanuni, tengeneza unachotaka. Usipokuwa nayo, utarudisha kile kile kilichokuwepo."

Kitabu cha Vipimo kilikuwa wazi pembeni yake, na nikaona kwa mara ya kwanza jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita mara nyingi: kila kiti ndani yake kimechorwa kwa mbele, kama kinavyoonekana na mtu aliyesimama mbali. Hakuna hata kimoja kilichochorwa kama kinavyoonekana na aliyekikalia.

Nje, kwenye ngazi, mwanamke wa makamo alikuwa ananingoja.

"Fundi, samahani. Ni kweli wewe ndiye unayetengeneza kiti?"

"Ndiye mimi, dada."

"Basi naomba unifahamu. Naitwa Kurwa. Mimi ni marehemu."

Alisema kwa upole, bila kutabasamu, akanipa karatasi. Ilikuwa na mhuri. Ilisema kwamba Kurwa binti Mfaume alifariki kwa homa miaka mitatu iliyopita, na kwamba pacha wake, Doto, yu hai.

"Aliyefariki ni Doto," alisema. "Walikosea kuandika. Tangu hapo watoto wangu ni watoto wa marehemu, shuleni hawawapokei bila mzazi. Majirani wameanza kunisalimia kwa wasiwasi. Nikwambie ukweli, dada? Siku hizi mtu akiita Doto, nageuka."

"Baraza hukuliambia?"

"Nimekalia kile kiti mara mbili. Miguu yangu inaning'inia. Nawaona wajumbe kule mbali, wadogo kama punje za mtama, na maneno yote niliyoyapanga nyumbani yananiacha. Wakasubiri, wakaandika: hakusema. Sheria inaruhusu mara tatu. Ya tatu ni siku ya nane."

Hakuniomba kitu. Alinishika mkono tu kuniaga, na mkono wake ulikuwa na joto kama wa mtu yeyote aliye hai.

*

Mwenzangu karakanani ni Shaweji. Tumefanya kazi pamoja tangu ujana, na hana subira na watu wanaowaza wakati wa kazi. Nilipomweleza aliendelea kunoa patasi.

"Andika lolote," alisema. "Andika uzuri, andika uimara. Nani atakataa?"

Nikaandika. Nikasoma. Maneno yale yangeweza kutoka kinywani mwa fundi yeyote wa mtaa wowote. Uimara? Hata gereza ni imara. Uzuri? Kile kiti kilichowanyamazisha watu kilikuwa kizuri. Watalii walikipiga picha. Nikafuta.

Kiti ni nini? Nilikaa juu ya rundo la mbao nikajiuliza hivyo mpaka swali likawa sauti bila maana. Kiti ni mahali. Kiti ni amri: keti hapa, tazama kule. Mtu aliyesimama anaweza kuondoka. Aliyeketi amekubali kitu. Amekubali nini? Na nani alimwandikia makubaliano hayo, kama si mimi, nikiwa na penseli, nikiwaza jarida? Mkubwa wa baraza tunamwita mwenyekiti. Maisha yangu yote nimelitamka neno hilo bila kulisikia. Mwenye kiti. Kumbe kiti kina mwenyewe. Kumbe wengine wote wanaokaa wameazimwa.

"Hivi," Shaweji alisema ghafla, "kile kigoda chetu cha kwanza, cha kwa Mzee Ngwali, bado kipo?"

"Sijui."

"Na lile benchi la zahanati?"

Sikujua pia. Miaka ishirini na sita sikuwahi kurudi kwenye nyumba hata moja. Nilikuwa nikitoa kitu mlangoni kikiwa kinang'aa, nakwenda zangu kukumbuka kilivyong'aa.

Nikavaa viatu.

*

Katika mji wetu kila mtaa una saa yake. Ukivuka mfereji unaweza kufika jana, au mwaka ambao ulikuwa bado hujaolewa, na wenyeji hawashangai. Mtaa wa Mzee Ngwali ulikuwa umebaki katika mwaka nilioanza kazi. Nilipobisha hodi, mkewe alinipokea kama binti wa miaka ishirini na miwili, na nilipotazama mikono yangu nikaona haina makovu.

"Karibu mwanangu! Umekuja kuchukua kigoda?"

"Nimekuja kukiona tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akaonekana kuwa na haya. "Usikasirike lakini."

Alikitoa uani. Kilikuwa na miguu mirefu, myembamba, ya mtindo wa mwaka ule, nami niliichonga kwa siku tisa. Sasa ilikuwa imekatwa kwa msumeno, yote minne, chini ya magoti. Mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine na umewekewa kipande cha ndala.

"Miguu yangu ilikuwa haifiki chini," alisema. "Nikikaa najiona kama mgeni kwangu mwenyewe. Ngwali akakata."

Nilitaka kukasirika. Binti wa miaka ishirini na miwili ndani yangu alikasirika kweli. Alitaka kumweleza yule mama kuhusu uwiano. Lakini mama alikuwa ameshaketi, nyayo zote mbili zimetulia sakafuni, akaanza kunisimulia habari za nyumbani kwake bila hata kuulizwa. Nikamsikiliza kwa saa nzima. Nilipotoka nikaandika kwenye kiganja: *chini*.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili, katika mwaka wetu huu wa kawaida. Benchi lile nililijengea mikono midogo ya kugawa nafasi, kila mgonjwa na sehemu yake, na nilipolikabidhi watu walipiga makofi. Mikono yote ilikuwa imeng'olewa. Matundu ya misumari yamezibwa kwa nta ya mshumaa.

"Akina mama waling'oa," muuguzi aliniambia huku akiandika dawa za mtu. "Mtoto mwenye homa utamlaza wapi? Tuliwakataza wiki moja, tukachoka. Wewe nani, kwani?"

"Mimi ndiye niliyeiweka."

Akaniangalia. "Ulikuwa na mtoto wakati huo?"

"Hapana."

"Basi," alisema, akarudi kwenye dawa zake. Hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja mkubwa. Huko kulikuwa na kiti changu kilichosifiwa kuliko vyote, cha mvule, chenye egemeo kama jani lililofunguka. Walikifunika kwa kitambaa cheupe. Walipokifunua hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Hakikukatwa wala kung'olewa kitu.

"Huwa anakikalia nani?" nikamuuliza mwenye nyumba.

"Hiki?" Alicheka. "Hiki si cha kukalia, fundi. Hiki tunacho."

Aliniacha peke yangu sebuleni. Mbele ya kiti kulikuwa na kioo kikubwa, na ndani ya kioo nilimwona mwanamke ameketi juu ya kiti kile, ingawa mimi nilikuwa nimesimama. Alikuwa mimi wa miaka kumi iliyopita. Shingo ameinyoosha, magoti ameyabana, anapepesa macho huku na huku kutafuta nani anamtazama. Hakuniona. Nilipunga mkono, hakuniona. Alikuwa anangoja kusifiwa na nilijua, kwa kuwa nilikuwa ndani yake, kwamba sifa ilikuwa imeshakuja na haikumtosha. Nikakifunika kiti, na yeye akafunikwa.

Nilikuwa nimechoka, nikataka kurudi. Lakini njia ya kurudi ilipita kwa mama yangu mdogo, Bi Mwanaharusi, na kupita mlangoni pake bila kuingia ni kutafuta maneno. Nikamkuta anakuna nazi. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya nazi, ile ya miguu ya kukunja, na mbao zake zilikuwa nyeusi kwa miaka na mafuta.

"Mbuzi hiyo umeitoa wapi, mama mdogo?"

"We mtoto una wazimu? Si umenitengenezea wewe? Ulikuwa na miaka kumi na mitano."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Sikuwa nimeihesabu kati ya kazi zangu, kwa sababu hakuna aliyeisifu. Nikakumbuka sasa: mabaki ya mbao, na mimi nimechuchumaa jikoni siku nyingi nikimtazama anavyokaa, goti hili juu, lile chini, anavyojivuta mbele nazi ikikaribia kwisha. Jua likamfikia pale alipokuwa. Bila kukatiza maneno akainuka, akaibeba mbuzi kwa mkono mmoja, akaenda kuiweka kivulini, akaketi tena.

"Hebu rudia," nikamwambia.

"Nirudie nini?"

"Ulivyohama."

"Jua limenipiga, nimehama. Kuna cha kurudia hapo?"

Nikaanza kucheka, na machozi yakanitoka, naye akanipa kipande cha nazi kama alivyokuwa akinipa nikiwa mdogo ili ninyamaze. Kanuni niliyoitafuta sikuwa nimeikosa. Nilikuwa nayo kabla ya kujua kwamba kazi hii ina sifa ndani yake.

*

Siku ya saba niliingia kwa Mpimaji Mkuu na karatasi moja. Iliandikwa hivi: *Mwenye kiti ni anayekikalia. Miguu yake ifike chini. Aweze kukihamisha bila kuomba ruhusa. Na kabla ya kuchora, nimtazame kwanza anavyokaa.*

Akasoma mara mbili. Sentensi ya kwanza ilimkaa vibaya, nikaona.

"Mwenyekiti wa baraza anajulikana," alisema.

"Anajulikana, Bwana Mpimaji. Ana kiti chake. Mimi natengeneza hiki kingine."

"Watu hawalingani urefu. Miguu ya nani ifike chini?"

"Ya aliye mfupi kuliko wote. Mrefu ataikunja ya kwake. Mfupi hawezi kuirefusha."

"Atakuwa chini sana. Wajumbe watamtazama kwa juu."

"Akiona hivyo atasogea."

Akaigeuza karatasi. "Kanuni hii umeitoa wapi? Ni ya nani?"

"Nimeitoa kwenye makosa yangu," nikasema. "Anwani zake ninazo, ukitaka kuyaona."

Sikuwahi kumjibu mtu mkubwa hivyo. Alitafuta ndani ya sheria mahali pa kunikatalia, hakupaona. Akagonga mhuri.

Mimi na Shaweji tulikimaliza kwa siku moja ndefu, ambayo mji ulituongezea saa chache. Kiti kifupi cha mbao nyepesi, egemeo la kawaida, tundu la kutia vidole nyuma ili kishikike. Shaweji alikizunguka.

"Hakina maajabu," alisema.

"Kikalie."

Akakaa. Baada ya muda akaanza kunieleza habari za mdogo wake aliyegombana naye, jambo ambalo kwa miaka ishirini hakuwahi kulitaja. Akajishtukia, akainuka.

*

Ukumbi ulijaa. Kurwa aliingia akiwa amevaa kanga mbili mpya na ile karatasi mkononi. Kiti changu kilikuwa katikati, pale pale palipokuwa na matundu manne ya parafujo. Akaketi. Nyayo zake zikafika chini.

Mwenyekiti, mwanamama mwenye miwani mizito, akasema, "Tunakusikiliza."

Kurwa akatazama mbele. Umbali ulikuwa ule ule. Alifumbua midomo, akaifumba. Dakika ikapita, nyingine ikapita. Karani akachovya kalamu, na niliona mkono wake unaanza kuandika herufi ya kwanza ya *hakusema*.

Kurwa akainuka. Aligeuka, akatia vidole kwenye tundu la egemeo, akakiburuta kiti. Kilipiga kelele sakafuni, kelele ndefu, mbaya, na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mpimaji Mkuu akasimama. Kurwa hakumtazama. Alikiburuta mpaka mezani, hatua moja tu kutoka kwa Mwenyekiti, akaketi, akaiweka karatasi juu ya meza.

"Siku ile nilikuwa nalia," alisema kwa sauti ya kawaida, na kila mtu alisikia. "Mwandishi alikuja nyumbani. Akaniuliza, 'Ni nani?' Nikadhani ananiuliza aliyekufa. Nikasema, 'Doto.' Kumbe ananiuliza mimi. Akaniandika mimi Doto, marehemu akamwandika Kurwa. Hivyo tu. Nilijifuta kwa kinywa changu, na kwa kinywa hiki nimekuja kujirudisha."

Mwenyekiti akavua miwani. "Jina lako?"

"Kurwa binti Mfaume."

Karani akaandika. Mhuri ukapigwa. Watu wakaanza kunong'ona kwa furaha, lakini Kurwa hakuinuka.

"Bado," alisema. "Mwandikeni na yeye. Doto binti Mfaume. Miaka mitatu hajafa kwa jina lake. Hata matanga yake yaliandikwa kwa jina langu."

Akalia hapo, mbele yao, kilio cha msiba ambacho hakikuwa kimepata pa kutokea. Mwenyekiti alinyoosha mkono juu ya meza akamshika. Umbali ulitosha kwa hilo.

*

Wiki ile Mpimaji Mkuu alikuja karakanani mwenyewe. Alitaka karatasi yangu iingizwe kwenye Kitabu cha Vipimo, ukurasa wa mbele, mafundi wote waifuate.

"Hapana, Bwana Mpimaji," nikasema.

"Unakataa heshima?"

"Ile ni yangu. Inanifaa mimi kwa sababu najua kila neno lilinigharimu nyumba ipi. Fundi mwingine ukimpa, atarudi kuwa kama nilivyokuwa, ataiga tu. Waambie wakatembelee vitu walivyovitengeneza."

Safari hii niliiona sura yake vizuri: uso wa mtu aliyechoka, ndevu zimeanza mvi kidevuni. Akaaga vizuri, akaondoka bila karatasi.

Alipishana mlangoni na mzee mmoja mwenye mkongojo, amenuna.

"Wewe ndiye wa kile kiti?" mzee akauliza. "Ni chepesi mno! Nimekiegemea nikitaka kuinuka, kimeteleza, nusura nianguke mbele ya watu."

Shaweji akanitazama aone nitafanyaje. Nilisikia furaha ikinipanda kifuani kama ya mtu aliyeitwa kwa jina lake. Nikavuta stuli, nikaiweka katikati ya vumbi la mbao, nikachukua penseli.

"Shikamoo babu. Keti hapa," nikamwambia. "Halafu inuka, taratibu, nikuone."